Kutoka Strasbourg hadi Sikio la Mbwa: Historia ya Kupima Sukari ya Damu Nyumbani

Kumpima mbwa mwenye kisukari sukari ya damu nyumbani kwa mwenyewe ni jambo la juzi tu katika historia ya tiba ya wanyama, kwa kuwa taratibu zake za kuaminika hazikuchapishwa na wataalamu mpaka miaka ya mwanzo ya karne ya 21, ilhali sehemu kubwa ya maarifa yanayotumika katika upimaji huo, kuanzia kukijua kiungo kinacholeta ugonjwa hadi kuijua dawa inayoutuliza, ilipatikana katika miili ya mbwa kabla ya kumfaa binadamu. Kati ya mwaka ambao mbwa wa kwanza alifanywa kuwa na kisukari maabarani na miaka ambayo wenye mbwa walianza kufundishwa kulitoboa sikio la mnyama wao na kuisoma namba wenyewe, zilipita zaidi ya karne moja na miaka 10. Mambo mawili yaliichelewesha safari hiyo kuliko mengine yote: kiasi cha damu kilichohitajika ili kupata namba moja, na swali la nani aliruhusiwa kuisoma namba hiyo.

Kisukari ni ugonjwa ambao glukosi, yaani ile sukari nyepesi inayoupa mwili nguvu, hurundikana katika damu kwa sababu insulini, homoni inayotolewa na kongosho ili glukosi ipate njia ya kuingia katika seli, imekosekana au imezidiwa. Kwa mbwa ugonjwa huu karibu kila mara hufanana na kile kisukari cha binadamu kiitwacho aina ya kwanza, maana seli za kongosho zinazotengeneza insulini huwa zimekwisha kuharibika, na mnyama hawezi kuishi muda mrefu bila kuchomwa sindano za insulini, kwa kawaida 2 kwa siku, zikipishana kwa saa 12. Majike ambao hawajaondolewa ovari wamo hatarini zaidi, kwa sababu projesteroni, homoni inayopanda baada ya kipindi cha joto, huyachochea matiti kutoa homoni ya ukuaji, nayo hupingana na insulini. Mwenye mbwa huona kwanza bakuli la maji likikauka upesi, kisha mkojo usiokwisha, kisha mnyama akikonda huku anakula kwa pupa. Na baada ya miezi kadhaa wengi wao macho hufunikwa na ukungu mweupe wa mtoto wa jicho, hata wanapotibiwa. Damu ya mbwa mwenye afya huwa na glukosi ya takriban milimoli 4 hadi 7 kwa lita, na ya mbwa mgonjwa asiyetibiwa huweza kupita 20.

Kwa karne nyingi tabibu hakuwa na njia ya kuijua sukari hiyo ila kupitia mkojo. Waganga wa India ya kale waliona sisimizi wakiufuata mkojo wa wagonjwa, Ibn Sina akaandika katika karne ya 11 juu ya utamu wa masalia yake, na Thomas Willis wa Uingereza akauonja kwa ulimi wake katika karne ya 17. Matthew Dobson, tabibu wa Liverpool, alieleza mwaka 1776 kwamba mkojo uliokaushwa motoni huacha kitu chenye sura na ladha ya sukari, na kwamba hata majimaji ya damu ya mgonjwa yana utamu, jambo lililoonyesha kuwa sukari haizaliwi katika figo bali hupita humo tu ikitoka kwenye damu. Katika miaka ya 1840 mwanafiziolojia Claude Bernard, akifanya kazi Paris, aliwalisha mbwa nyama tupu isiyo na sukari, kisha akaikuta sukari katika damu inayotoka kwenye ini, na kwa njia hiyo akathibitisha kwamba mwili wenyewe huitengeneza. Hivyo elimu ya sukari ya damu, tangu ilipoanza kuwa elimu ya vipimo, ilikuwa elimu ya mbwa.

Tukio lililobadilisha kila kitu lilitokea mwaka 1889 katika mji wa Strasbourg, ambao wakati huo ulikuwa chini ya Ujerumani, katika kliniki iliyoongozwa na Bernhard Naunyn. Watafiti wawili, Joseph von Mering na Oskar Minkowski, walikuwa wakijadiliana kuhusu usagaji wa mafuta mwilini na kazi ya kongosho katika usagaji huo, na mjadala wao ukaishia katika wazo la kuliondoa kongosho lote la mbwa ili kuona kitakachotokea. Minkowski, aliyekuwa na mkono mwepesi wa upasuaji, akaifanya kazi hiyo. Hakuna kati yao aliyekuwa akitafuta kisukari. Mbwa huyo, ambaye alikuwa amefundishwa kutokojoa ndani, alianza kukojoa maabarani mara kwa mara, na Minkowski alipomlaumu mtumishi kwa kutomtoa nje ya kutosha, mtumishi alijibu kwamba humtoa, lakini mnyama huyo akirudi tu hukojoa tena. Jibu hilo lilitosha. Naunyn alikuwa amewazoesha wasaidizi wake kuupima mkojo wa kila anayekojoa kupita kiasi, basi Minkowski akauchukua mkojo ule sakafuni, akaupima, akakuta una sukari ya takriban asilimia 12.

Hadithi inayosimuliwa mara nyingi, kwamba nzi ndio walioufichua utamu wa mkojo ule, haiafikiani na maelezo ya Minkowski mwenyewe, na ni vema iachwe, kwa sababu inamnyima sifa mtumishi aliyeishi na mbwa yule mchana kutwa na kuona mwenendo wake umebadilika. Kinachostahili kukumbukwa zaidi ni uangalifu wa Minkowski baada ya hapo. Mbwa yule alikuwa amewahi kupewa na von Mering dawa iitwayo floridzini, ambayo huufanya mkojo uwe na sukari hata kama damu haina ziada, na kwa hiyo mashaka yalikuwa halali. Minkowski akawapasua mbwa wengine 3 ambao mkojo wao ulikuwa umepimwa na kuonekana safi, na wote wakapata kisukari. Baadaye alionyesha kwamba kipande cha kongosho kikipandikizwa chini ya ngozi ya mbwa kisukari hakitokei, na kwamba kikiondolewa ugonjwa huja, ushahidi kwamba kongosho hutia ndani ya damu kitu fulani ambacho hakuna aliyekuwa amekitia machoni.

Kukitafuta kitu hicho kulichukua zaidi ya miaka 30, na sababu mojawapo ilikuwa ugumu wa kupima. Mkojo ni rahisi kupatikana na rahisi kupimwa: myeyusho wa shaba uliotengenezwa na Stanley Benedict wa New York, ambao hadi leo wanafunzi wa sekondari Kenya na Tanzania huuchemsha katika maabara ya biolojia ili kuona rangi ya bluu ikigeuka kijani, manjano na hatimaye nyekundu ya tofali, ulimwezesha hata mgonjwa kuona sukari yake kwa macho. Damu haikuwa hivyo. Njia za karne ya 19 zilidai damu nyingi mno kiasi kwamba mtafiti hakuweza kumpima mnyama mmoja mara kadhaa kwa siku bila kumdhoofisha, na kama hawezi kumpima mara kadhaa, hawezi kuona dondoo la kongosho alilomchoma linafanya nini saa baada ya saa. Mwaka 1913 Ivar Bang wa Lund, Sweden, alichapisha njia iliyohitaji damu kidogo sana, na mwaka 1915 Lewis na Benedict wakaeleza njia ya rangi iliyotumia mililita chache tu. Maendeleo haya hayana mvuto wa kusimulika, na vitabu vingi huyaruka, lakini bila hayo kazi ya Toronto, iliyokipata kitu hicho, yaani insulini, isingewezekana.

Frederick Banting, daktari wa upasuaji, na Charles Best, mwanafunzi, walianza kazi katika Chuo Kikuu cha Toronto mwezi Mei 1921, katika nafasi waliyopewa na Profesa J. J. R. Macleod pamoja na mbwa 10. Katika ugawaji wa kazi, Banting alipasua na Best alipima. Kila kipimo kilikuwa shughuli nzima: damu ilitolewa kwenye mshipa, ikachanganywa na maji na asidi pikriki ili protini zake zigande, ikachujwa, majimaji yaliyochujwa yakapashwa moto pamoja na sodiamu kaboneti mpaka yakawa na wekundu wa kahawia, kisha wekundu huo ukalinganishwa, kwa kuchungulia katika chombo kiitwacho kolorimita, na wekundu wa myeyusho ambao kiasi cha sukari yake kinajulikana. Joto la kiangazi lilikuwa kali, majeraha yalioza, na wengi kati ya mbwa wa mwanzo walikufa kabla hawajatoa jibu lolote. Tarehe 30 Julai 1921 mbwa aliyepewa namba 410, ambaye kongosho lake lilikuwa limeondolewa kwa upasuaji, alichomwa mililita 4 za dondoo la kongosho, na sukari ya damu yake, iliyokuwa asilimia 0.20, ikashuka hadi 0.12 ndani ya saa 1. Kwa kipimo cha leo ni kushuka kutoka takriban milimoli 11 hadi karibu 7 kwa lita. Asubuhi iliyofuata alikutwa amezimia, akafa.

Namba hizo mbili, 0.20 na 0.12, ndizo zilizowapa watafiti hao moyo wa kuendelea. Mwezi Agosti mbwa namba 92 aliishi karibu wiki 3 kwa msaada wa dondoo, akimfuata Banting maabarani, na Banting aliandika miaka mingi baadaye kwamba kifo chake kilimtoa machozi, yeye aliyekuwa amewaona askari na wagonjwa wakifa bila kulia. Mbwa namba 33, ambaye maabarani alijulikana kwa jina la Marjorie, aliishi siku 70 baada ya kuondolewa kongosho mwezi Novemba. Historia ya tiba huwataja mbwa hawa kwa namba, pengine kwa sababu majina yangefanya kazi ile iwe nzito kubeba. Ni haki walau isemwe wazi kwamba hawakuwa wagonjwa walioletwa kutibiwa, bali walikuwa wazima waliofanywa wagonjwa, na kwamba kila mtu na kila mbwa anayechomwa insulini leo ana deni kwao.

Tarehe 11 Januari 1922 Leonard Thompson, kijana wa miaka 14, alichomwa dondoo hilo Toronto bila mafanikio makubwa, na tarehe 23 mwezi huohuo akachomwa tena lile lililosafishwa na mwanakemia James Collip, safari hii sukari yake ikashuka sana. Collip ndiye aliyeonyesha pia kwamba sungura wazima wanafaa kupimia nguvu ya kila pishi la dawa, na kutokana na sungura hao kikapatikana kipimo cha kwanza cha uniti ya insulini. Mwaka 1923 Hagedorn na Jensen wa Denmark walichapisha njia iliyotosheka na sehemu ya kumi ya mililita ya damu, kiasi kinachoweza kukamuliwa kwenye ncha ya kidole. Kufikia hapo kemia ilikuwa imekaribia nyumbani, lakini vyombo vyake, asidi zake na ujuzi wake vilibaki maabarani kwa miaka mingine 40.

Mbwa aliyeugua kwa kawaida, yule wa nyumbani mwa watu, alinufaika na ugunduzi huo kwa kuchelewa na kwa nusu. Insulini ya nguruwe iliyotengenezewa binadamu ilimfaa vizuri, tena kuliko ilivyomfaa binadamu mwenyewe, kwa sababu mpangilio wa asidi amino katika insulini ya mbwa ni uleule wa nguruwe, ilhali ya binadamu hutofautiana nayo kwa asidi amino 1; hiyo ndiyo sababu hadi leo dawa ya Caninsulin, ambayo Marekani huitwa Vetsulin na iliidhinishwa huko mwaka 2004, hutengenezwa kutokana na nguruwe. Kilichokosekana ni namba. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 mwenye mbwa aliyetaka kumtibu alifundishwa kuukinga mkojo wa kwanza wa asubuhi, kuupima kwa myeyusho au kidonge kinachochemka ndani ya bomba, na baadaye kwa kijiti cha karatasi, kisha kuongeza au kupunguza insulini ya siku hiyo kwa kufuata rangi aliyoiona.

Utaratibu huo ulikuwa na kasoro kubwa, nayo inafaa kuelezwa kwa kituo kwa sababu ndiyo iliyolazimisha upimaji wa damu. Figo za mbwa huizuia sukari isitoke mpaka damu ifikie takriban milimoli 10 hadi 12 kwa lita, kwa hiyo mkojo usio na sukari haumwambii mtu kama damu ina 9, ambayo ni salama, au 2, ambayo yaweza kuua. Tena mkojo wa asubuhi ni mkusanyiko wa usiku kucha, hausemi lolote juu ya saa ile dawa inapochomwa. Ubaya zaidi, insulini ikizidi na sukari kuporomoka, mwili hujitetea kwa kutoa adrenalini, glukagoni na kotisoli, homoni zinazoisukuma sukari juu tena, hali iliyoelezwa na Michael Somogyi wa St. Louis, Marekani, miongo kadhaa kabla ya kuzingatiwa kwa mbwa. Mwenye mbwa aliyeamka na kuona rangi ya tofali aliamini kwamba dawa ni kidogo, akaiongeza, na kesho yake akaiongeza tena, kumbe alichotakiwa kufanya ni kuipunguza. Mtu huyo hakuwa mzembe. Alifuata kwa uaminifu maelekezo yaliyojengwa juu ya kipimo kisichoweza kuona kilicho chini ya kizingiti cha figo.

Wakati huo upande wa binadamu mambo yalikuwa yakienda kasi, hasa katika kampuni ya Ames ya Elkhart, jimbo la Indiana. Mwaka 1941 kampuni hiyo ilitoa Clinitest, kidonge kilichojichemsha chenyewe ndani ya mkojo. Mwaka 1956 Helen na Alfred Free wakaleta Clinistix, kijiti chenye kimeng'enya cha glukosi oksidesi, yaani protini inayoichagua glukosi peke yake kati ya sukari nyingine na kuzalisha rangi. Na katikati ya miaka ya 1960 ikaja Dextrostix, ambayo kwa mara ya kwanza ilipima damu nzima, tone moja likiwekwa juu ya kijiti, likisubiriwa sekunde 60, likisafishwa kwa maji, na rangi ikilinganishwa na chati. Kwa kuwa macho ya watu huziona rangi kwa namna tofauti, Anton Clemens aliunda kifaa cha kuisoma rangi hiyo kwa mwanga, kilichoingia sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1970 kikiwa na uzito wa zaidi ya kilo 1.

Kifaa hicho kiliuzwa kwa madaktari na hospitali tu. Richard Bernstein, mhandisi wa New York aliyekuwa na kisukari tangu utoto, alipoona tangazo lake hakuruhusiwa kukinunua, akakipata kwa sababu tu mke wake alikuwa daktari. Akajipima mara nyingi kwa siku, akazirekebisha dozi zake, afya yake ikatengemaa, na alipojaribu kuandika juu ya matokeo hayo katika majarida ya tiba akakataliwa, mpaka akaamua, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 40, kuingia chuo cha udaktari. Imani iliyokuwapo ilikuwa kwamba namba ni mali ya daktari, na kwamba mgonjwa akipewa namba atajidhuru. Mwaka 1978 makundi mawili ya madaktari wa Uingereza yalichapisha ushahidi kwamba wagonjwa wa kawaida wanaweza kujipima damu nyumbani na kunufaika, na mwaka 1987 ikaja ExacTech, mashine yenye ukubwa wa kalamu, ambayo badala ya kusoma rangi ilipima mkondo mdogo wa umeme unaozalishwa kimeng'enya kinapokutana na glukosi. Kuanzia hapo upimaji wa nyumbani ukawa sehemu ya maisha ya mamilioni ya watu.

Kwa mbwa, zamu ya mashine hizo ilikuja kwanza kliniki. Madaktari wa mifugo walijenga desturi ya kuchora mkunjo wa glukosi, yaani kumpima mnyama kila baada ya saa 2 kwa muda wa saa 12 tangu sindano ya asubuhi, ili kuona sukari inashuka lini, inashuka kiasi gani na inadumu chini kwa muda gani. Lengo ni kwamba namba ya chini kabisa ya siku iwe kati ya takriban milimoli 4.5 na 8 kwa lita, isipungue hapo. Kwa nadharia hakuna njia bora zaidi. Kwa vitendo, mbwa huachwa kliniki asubuhi, akafungiwa katika kizimba kilichozungukwa na harufu na sauti za wanyama wasiojuana, akakataa chakula ambacho dozi ya insulini ilipimwa kwa kukitegemea, asikimbie wala kucheza kama afanyavyo nyumbani, na hofu ikazitoa homoni zilezile zinazoipandisha sukari, jambo linalompata paka zaidi lakini halimwachi mbwa. Mwenye mbwa alilipia siku nzima ya namba ambazo pengine hazikuhusiana na siku yoyote ya kawaida ya mnyama wake. Hata ugeni wa kliniki ukiondolewa, siku moja haitoshi: mwaka 2003 Linda Fleeman na Jacquie Rand, watafiti wa Australia, walionyesha kwamba mikunjo ya mbwa yuleyule, mwenye dozi ileile na chakula kilekile, huweza kutofautiana siku kwa siku kiasi cha kumfanya daktari atoe maagizo yanayopingana.

Hatua ya kuipeleka namba nyumbani ilichukuliwa kwa utaratibu na kundi la Claudia Reusch katika Chuo Kikuu cha Zurich, Uswisi. Mwaka 2000 kundi hilo lilichapisha matokeo ya kutoa damu ya kapilari, yaani ya mishipa midogo kuliko yote, kwenye sikio la mbwa na paka na kuipima kwa mashine ndogo za mkononi, na mwaka 2003 likachapisha utafiti juu ya wenye mbwa waliofundishwa kufanya hivyo wenyewe nyumbani. Ugumu wa kwanza ulikuwa wa kimaumbile tu: mbwa hana ncha ya kidole isiyo na manyoya wala ngozi ngumu, na nyayo zake hukanyaga uchafu na huuma zikitobolewa. Upande wa ndani wa ncha ya sikio una manyoya machache na ngozi laini, lakini ukitobolewa hutoa damu shingo upande, kwa hiyo watafiti walitumia kifaa cha kutobolea chenye mvuto wa hewa, ambacho baada ya kutoboa huunyonya mwinuko mdogo wa ngozi mpaka tone likajitokeza.

Namna kazi hiyo inavyofanyika yafaa ielezwe kwa karibu. Sikio hupashwa joto kwanza kwa kitambaa kilicholowekwa maji ya uvuguvugu na kukamuliwa, ili mishipa ipanuke. Hukaushwa vizuri, maana maji yaliyobaki huizimua damu na kuishusha namba. Kidole gumba hubaki nje ya sikio na pamba au kitambaa kilichokunjwa huwekwa nyuma ya mahali panapotobolewa, ili ngozi isikwepe na sindano isitokeze upande wa pili. Baada ya kutoboa, mtu husubiri tone lijikusanye, kwani kuminya kwa nguvu huchanganya damu na majimaji ya tishu, kisha hulisogezea ukingo wa stripu, kile kijiti bapa chenye kimeng'enya, ukalinyonya tone wenyewe. Pamba hubanwa hapo kwa dakika moja hivi. Wengine, hasa wenye mbwa wa masikio mazito, huchagua upande wa ndani wa mdomo wa juu, au ile ngozi iliyoota sugu kwenye kiwiko. Mbwa wengi huzoea katika siku chache iwapo kila kipimo kinafuatwa na sifa na kipande cha chakula kinachoruhusiwa, na anayeshindwa mara nyingi ni binadamu, ambaye mkono wake hutetemeka kwa kuogopa kumwumiza anayempenda.

Ugumu wa pili ulikuwa ndani ya mashine. Vipima sukari vya binadamu vimesawazishwa kwa damu ya binadamu, ambamo glukosi imegawanyika karibu nusu kwa nusu, kiasi cha asilimia 58 ikiwa katika plazma, sehemu ya majimaji ya damu, na 42 ndani ya seli nyekundu. Katika damu ya mbwa takriban asilimia 87.5 ya glukosi imo katika plazma na 12.5 tu ndani ya seli. Mashine isiyojua tofauti hiyo kwa kawaida humsomea mbwa namba iliyo chini ya ile ya maabara, na mwenye mbwa anaweza kuogopa anguko la sukari ambalo halipo. Idadi ya seli nyekundu nayo huyumbisha matokeo, kwani mbwa mwenye upungufu wa damu huonekana ana sukari nyingi kuliko aliyo nayo. Kundi la Zurich lilikwisha kulinganisha mashine 5 kwa damu ya mbwa mwaka 2000 na kuona kwamba hazilingani, na katika muongo huohuo zikaja mashine zilizosawazishwa kwa ajili ya wanyama, AlphaTrak ikiwa ndiyo iliyoenea zaidi, zenye namba maalumu ya mbwa na nyingine ya paka na zinazotosheka na mikrolita 0.3 ya damu. Stripu zake ni ghali kuliko za binadamu, na wengi wameendelea kutumia mashine za binadamu huku wakijua mwelekeo wa kosa lake, uamuzi unaoeleweka ilimradi mashine isibadilishwe katikati ya safari, kwa sababu namba za mashine mbili haziwezi kusomwa kama mfululizo mmoja.

Kipimo cha nyumbani kilipopatikana, swali la zamani la Bernstein lilirudi kwa sura nyingine: mwenye mbwa akishaiona namba, aibadilishe dozi? Madaktari wengi wa mifugo walishikilia, na bado wanashikilia, kwamba mwenye mbwa apime na aandike, daktari aamue, nao wana hoja nzito, kwa kuwa insulini ikizidi huua kwa saa chache ilhali sukari iliyopanda kidogo huchukua muda kudhuru. Lakini kuna maamuzi yasiyoweza kungoja simu ya daktari. Namba ikiwa chini ya takriban milimoli 3.3 kwa lita, na mbwa anayumba au anatetemeka, asali au maji mazito ya sukari hupakwa kwenye fizi zake papo hapo. Na namba ikiwa chini muda mfupi kabla ya sindano, kuchoma dozi kamili kwa sababu tu saa imefika ni hatari iliyo wazi. Katika mambo haya mwenye mbwa aliyefundishwa vizuri ni salama kuliko asiyejua kitu, na hofu kwamba maarifa yatamfanya ajidanganye inafanana mno na ile iliyowanyima binadamu mashine zao wenyewe katika miaka ya 1970.

Mabadiliko ya mwisho hadi sasa yametoka tena kwa binadamu. Mwaka 2014 ilitoka barani Ulaya FreeStyle Libre, sensa ndogo ya duara inayobandikwa juu ya ngozi ikiwa na uzi mwembamba unaoingia katika majimaji yaliyo kati ya seli, inayopima glukosi mfululizo hadi siku 14, na mwaka 2016 watafiti wa Bologna, Italia, wakachapisha matokeo ya kuijaribu kwa mbwa wenye kisukari na kuiona inafaa. Daktari hunyoa kipande cha manyoya, mara nyingi shingoni, huibandika sensa, na mwenye mbwa husogeza kisomaji au simu ili kuona mchoro wa usiku na mchana wote, pamoja na yale maporomoko ya usiku wa manane ambayo mkojo wa asubuhi uliyaficha kwa miongo mingi. Kwa mbwa mara nyingi sensa hubanduka kabla ya siku zake kwisha, na kwa kuwa glukosi huchukua dakika kadhaa kutoka kwenye damu hadi katika majimaji hayo, namba yake huchelewa sukari inapopanda au kushuka kwa kasi. Mbwa akiilalia, inaweza hata kuonyesha anguko lisilokuwapo. Ndiyo maana familia zinazotumia sensa bado hushauriwa kuweka karibu kifaa cha kutobolea na stripu, na kuhakikisha kwa tone la damu kila mara namba ya sensa isipoafikiana na hali ya mnyama aliye mbele yao.